Mashine Haijuangi Wakwe

Iko siku moja ambayo naikumbuka hata nikiwa sitaki. Hunijia nikisikia tu mashine ya kukata nyasi ikinguruma, na mwanangu, siku hizi zinanguruma kila mahali. Hapa Shieywe ninapokaa, Jumamosi haipiti bila kijana kusimama langoni, mashine begani, akiuliza kama nina nyasi za kukatwa. Nikikubali, natoa kiti na kukaa karibu naye mpaka amalize. Mke wangu hunicheka kwa sababu anajua ninachongoja. Nangoja petroli imwishie, nione atafanya nini.

Wakati huo nilikuwa karani mpya katika ofisi za serikali mjini Kakamega, na nilikuwa nimeoa karibuni kule Matete. Sikuwa mtu mbaya, lakini nilikuwa na kiburi cha mshahara wa kwanza, na nilitaka sana wakwe zangu wanione. Basi mdogo wa mke wangu akawa analetewa mahari, na boma la baba mkwe lilikuwa limeota nyasi hadi magotini. Mashemeji zangu walikuwa wamekwisha kunoa slasha zao za kufyekea. Nikawaambia wasijisumbue, nitakuja na mashine.

Mashine yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya mjomba wangu, aliyekuwa akikata nyasi kwenye nyumba za wakubwa mjini, ile ya magurudumu unayoisukuma, injini ndogo imekaa juu yake. Alinipa kwa shingo upande. Alinionyesha pa kupimia oili, akaniambia niokote mawe na vyuma kabla ya kuanza, kisha akaweka mkono juu ya kifuniko cha tangi. "Hapa usifungue ikiwa moto," akasema. "Ikizima, kaa chini ukunywe chai. Ikipoa ndio unaongeza." Nikamwitikia ndiyo, ndiyo, kama unavyoniitikia mimi sasa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu lenyewe nitakuonyesha ukija kwangu.

Lakini kwanza nikueleze jambo, maana ninyi mliozaliwa mjini mmeanza kulisahau. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Hamshikani mikono, hamketi pamoja, mkikutana njiani mmoja wenu anapisha. Jikoni kwake hukanyagi. Si uadui huo, ni heshima, tena nzito kuliko unavyodhani. Mimi nililijua hilo vizuri, kwa hiyo sina pa kujificha.

Asubuhi hiyo nilikata upande wa mbele wote, na nakiri nilifurahi. Watoto wa jirani walikuja kutazama. Baba mkwe alitoa kiti nje akakaa kama mtu aliyenunua mashine mwenyewe. Nikazunguka nyumba, nikaendelea, mpaka nikafika mbele ya jiko la mama mkwe.

Yeye alikuwa ndani akiwapikia wageni. Kuni zake zilikuwa nje, maji yake yalikuwa nje. Kila alipotaka kutoka alinikuta pale ninasukuma, akarudi ndani. Mtu mwenye akili angeuacha upande ule na kuwaachia mashemeji na slasha zao. Mimi nilimwona akichungulia na kurudi, nikajiambia nitamaliza upesi. Yaani nilimfungia mama wa watu jikoni kwake siku ya binti yake, kisha nikaiita hiyo kazi ya heshima.

Kilikuwa kimebaki kipande chembamba tu injini ilipokohoa na kuzima. Petroli imekwisha. Wakati uleule mtu akaja kusema wageni wameonekana sokoni.

Shemeji yangu Wekesa akaniambia, "Ngoja ipoe, shemeji. Hii kidogo tutafyekanga na mkono tu."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniuma. Yaani slasha ije imalize kazi yangu, mbele ya baba mkwe? Nikainua mtungi wa petroli. Faneli sikuwa nayo. Nikafungua tangi likiwa moto, nikamimina kwa haraka, petroli ikajaa na kumwagika, ikateremka hadi kwenye bomba la moshi. Hapakuwa na mlio mkubwa. Nilisikia pumzi tu, kama mtu anayepuliza jiko, na suruali yangu ikawa inawaka.

Wanaume walirudi nyuma, na siwalaumu. Mimi nilitupa mtungi, nikakimbia, na kukimbia na moto ni kuupepea. Miguu ilinipeleka kulikokuwa na mlango karibu. Ulikuwa mlango wa jiko.

Mama mkwe alitoka. Alikuwa amekwisha kuifungua leso yake kiunoni na kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji kidogo yaliyombakia ndani. Alinisukuma nikaanguka, akaufunga mguu wangu na leso ile, akaung'ang'ania kwa mikono yote miwili. Suruali ilikuwa ya nailoni, na nailoni haiungui ikaisha, inayeyuka na kuganda. Iliganda kwenye mguu wangu na kwenye viganja vyake. Hakuachia. Aliivuta ile suruali mpaka ikatoka.

Moto ulipozimika, nilikuwa nimelala kizingitini kwake na chupi tu, naye amepiga magoti pembeni yangu na shimizi, wakwe na majirani wametuzunguka. Yeye ndiye aliyetambua kwanza tulivyokaa. Akageuza uso, akainuka, akaingia jikoni bila leso na kufunga mlango. Ndipo tukamsikia akilia kwa maumivu. Mwanangu, alivumilia mpaka tulipokuwa hatumwoni tena.

Wageni walipoingia walikuta nyasi nyeusi mbele ya jiko, na mama mwenye nyumba amekwisha kupelekwa hospitali. Mahari ilipokelewa yeye hayupo. Binti yake alilia siku nzima, na watu wa upande wa pili walidhani analia kwa sababu anaondoka nyumbani. Mjomba alipoletewa mashine yake, imeungua na kukunjamana, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Chai ulikunywa?" Afadhali angenipiga.

Baadaye wazee walikaa. Walisema mwiko ukivunjwa, hata kwa wema, hauachwi hivi hivi, kwa hiyo nipeleke blanketi kwa mama mkwe na tusalimiane kwa mikono mbele yao, jambo liishe. Nilikwenda nikichechemea. Alinipa mkono, bandeji zimetolewa juzi tu, akitazama pembeni kama adabu inavyotaka. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitesa zaidi. Akasema polepole, "Mashine haijuangi wakwe, baba. Ungengoja tu. Sisi tungengoja na wewe."

Kumbe wakati wote kutoka jikoni alimsikia Wekesa akinikanya. Aliyasikia maneno ambayo mimi niliyekuwa karibu sikuyasikia.

Basi sasa nisikilize, wewe uliyenunua mashine ukaifunga kwenye bodaboda kutafuta kazi. Sikukatazi. Mashine imewasomesha watu. Lakini petroli iongezwe injini ikiwa imezimwa na imepoa, nje penye hewa, mbali na jiko na mbali na sigara ya rafiki yako. Tafuta faneli, na usijaze mpaka mdomoni. Ikimwagika, pangusa, ngoja ikauke, kisha sogea mbali kidogo na pale ndipo uvute kamba ya kuiwasha. Hizo mnazobeba begani nyingi hutaka petroli iliyochanganywa na oili, basi changanya kama ulivyoelekezwa, usikisie kwa jicho. Safisha chujio la hewa, maana injini nayo hupaliwa na vumbi kama wewe. Ukitaka kugusa kisu, hata kama ni unyasi mmoja tu umejisokota, zima na uchomoe waya wa plagi kwanza, kwa sababu kisu hicho hakina huruma na vidole. Okota mawe. Vaa buti, vaa miwani, funika macho na miguu. Na vaa pamba, mwanangu. Nailoni waachie wanaokwenda harusini.

Na kama mtu anakutazama, ndiyo sababu zaidi ya kungoja. Haraka haraka haina baraka, utasema umeisikia tangu shule ya chekechea. Mimi pia nilikuwa nimeisikia. Ukiona moyo unakwambia wageni wamefika, wakwe wanatazama, slasha itakuaibisha, zima, kaa chini, omba chai.

Mama mkwe wangu yu hai bado, ni mzee sana. Tukikusanyika Matete, wakwe wenzangu humsalimia kwa mbali, wameinamisha vichwa. Mimi peke yangu ndiye ninayemshika mkono, kwa sababu wazee walitufungulia njia siku ile. Wengine hunionea wivu, wanadhani nimependelewa. Hawajui kwamba kila nikiupokea mkono ule nakutana na kiganja kigumu, kimekunjamana, kisichofunguka sawasawa, na macho yangu huenda chini yenyewe.

Mungu akubariki, mwanangu. Aibariki kazi yako na mashine yako, akupe subira ya kungoja chuma kipoe. Na wale wanaokupenda, awalindie mikono yao.