Waliosema wazazi wangu ni weusi sana kwa kamera, njooni hapa

Wakuu, hamjambo humu ndani? Hii stori ni yangu mwenyewe na sijaitia chumvi. Kuna mtu itamuuma, na ikimuuma ni sawa tu.

Baba alipofariki, tulitafuta picha yake ya kuweka kwenye kijitabu cha mazishi. Nyumbani kwetu ni Ruiri. Tulipekua kila albamu na kila simu.

Kila picha, Baba ni kivuli chenye kofia na meno.

Mpiga picha mmoja hapa Embu, mahali ninapoishi na kuuza mitumba, akatuambia, "Mzee alikuwa mweusi sana. Kamera haishiki mtu kama huyo. Lakini nitamsafisha."

Akamsafisha kweli. Siku ya mazishi watu wakapewa kijitabu chenye mzee wa rangi ya chai ya maziwa. Shangazi mmoja akauliza kwa sauti kama amekosea matanga.

Mama akakigeuza kijitabu, akakilaza mapajani. Wageni walipoondoka akaniambia, "Mimi ni mweusi kushinda baba yako. Hakuna mtu atanipiga picha tena. Sitaki kuzikwa na sura ya mtu mwingine."

Wakuu, niliumia. Mama umri umeenda, na hatukuwa na hata picha moja inayoonyesha uso wake.

Jirani yangu hapa mtaani Majimbo alikuwa anahama, nikanunua kamera yake kuukuu. Nikaiweka auto, ijipimie mwanga yenyewe, nikajiona fundi.

Mwanzo ulikuwa aibu tupu. Nilipiga vidole vyangu, nikapiga watu wasio na vichwa. Ndani ya nyumba kila kitu kilitoka na ukungu, kwa sababu mwanga ni kidogo na mkono unatetemeka. (Baadaye nilijifunza kuegemea ukuta na kupandisha ISO ili kamera inase mwanga zaidi. Wanaoanza, shikeni hiyo.)

Nikaachana na watu kwanza. Nikachukua sufuria yangu ya kupikia githeri, yenye masizi ya miaka, nikaiweka mbele ya shuka jeupe. Nikapiga.

Likatoka shimo jeusi. Kama Baba kwenye zile picha.

Nikahangaika na vitufe mpaka nikapata kimoja chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Nikasogeza upande wa kujumlisha, nikapiga tena. Masizi yakaonekana, mikwaruzo ikaonekana, hata mahali ilipobonyea.

Nilicheka, halafu nikakasirika sana. Kumbe kamera haina ugomvi na weusi! Ikiona weupe mwingi, iwe shuka, mbingu au kitambaa cha kanisani, inadhani mwanga umezidi, basi inaupunguza kila mahali. Kazi ya mpiga picha ni kuikatalia. Kwa kidole kimoja tu.

Nilimpelekea yule mpiga picha wa kijitabu zile picha mbili za sufuria. Akacheka. "Madam, wewe uza nguo. Mweusi ni mweusi."

Akutukanaye hakuchagulii tusi. Jumapili iliyofuata nilikuwa Ruiri.

Mama alikuwa ametoka kanisani, kitambaa chake cheupe kichwani. Akakataa katakata kupigwa picha. Nikamwambia ikitoka mbaya nitaiuza kamera. Akakubali, ili niiuze.

Nikamtoa juani, nikamkalisha mlangoni pa jiko penye kivuli, uso ukitazama nje. Nikasogea karibu, nikaongeza mwanga kwa kile kitufe.

"Piga haraka, maziwa inachemka," akasema.

Nikapiga. Kitambaa kilitoka cheupe mpaka nyuzi zikapotea. Na zipotee! Uso ulikuwa pale wote, na weusi wake wote, na makunyanzi yake.

Mama akaishika kamera kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho. Nikaogopa.

"Hii ndio mimi," akasema. "Tengeneza kubwa. Na si ya matanga. Weka kwa ukuta, watu wanione nikiwa hai."

Iko ukutani sebuleni sasa hivi. Baba hatapata ya kwake, na hilo sijamsamehe mtu.

Nilichojifunza ni hiki: kamera inakisia tu, wewe ndiye unayemjua aliye mbele yako. Mtu akikwambia wewe ni mweusi sana kwa picha, mwambie hajaijua kamera yake. Na anayetaka kuja kunieleza habari za filter, apite mbali.

Haya, semeni nanyi. Nani mwingine hapa alimzika mzazi wake kwa sura ya mgeni?