Vidonge Ndani ya Upindo

Wifi yangu Assia ana jicho kali kwa wateja. Mteja akijaribu gauni mbele ya kioo chetu hapa mtaani Nyakabiga, akasema "muzuri sana" kabla hajaingiza mkono wa pili, Assia anajua kazi imeharibika. Gauni hilo litapelekwa kwa fundi mwingine likafumuliwe. Anayenuna, anayevuta kiunoni na kulalamika kwamba hapa panabana, huyo ndiye atakayerudi. Miaka kumi na minane cherehani zetu mbili zinatazamana, na sijamwona akikosea hata mara moja. Ndiyo maana jambo hili linaniuma mpaka leo. Mwanamke huyohuyo alikaa kwenye benchi la wagonjwa akasifu upesi kuliko mteja yeyote.

Jambo lenyewe linamhusu Hayat, binti wa Assia na marehemu kaka yangu Ilyasi, na mimi ni shangazi yake, Waridi. Alikuwa akiongoza kasida madrasa. Akifungua kinywa, hata mafundi wa pikipiki ng'ambo ya barabara walizima injini wasikilize. Alipofikisha miaka kumi na mitano akaanza kusikia watu ukutani wakimtukana. Tulifanya wanayofanya wote: kisomo, maji ya kombe, kumfungia chumbani. Siku alipomng'ata mama yake begani, majirani walimfunga mikono kwa vipande vya kitenge walivyookota chini ya cherehani zetu, tukampeleka kwenye kituo kimoja kidogo upande wa Musaga kinachopokea watoto wa namna hiyo.

Muuguzi aliyetupokea anaitwa Médiatrice. Hakuuliza jina wala karatasi. Alichuchumaa mbele ya Hayat akafungua mafundo moja moja kwa vidole, akavikunja vile vipande vizuri, akamkabidhi Assia. Assia alilia palepale. Tangu siku ile, nyumbani kwetu jina la Médiatrice halikusemwa vibaya.

Dawa zilifanya kazi, sikatai. Ukuta ulinyamaza. Lakini Hayat alinenepa, vidole vikatetemeka, ulimi ukawa mzito, na mate yakawa yanamtoka pembeni mwa mdomo hata akatembea na leso mkononi. Kasida akaacha. Hakuna aliyetuambia kwamba dawa inaweza kufanya hivyo, nasi hatukuuliza. Kila baada ya miezi miwili nilifumua ubavu wa sare yake ya shule nikaupanua, ingawa shuleni kwenyewe hakuwa akienda. Assia hakutaka sare imbane siku atakayorudi.

Kisha akaja Joëlla pale kituoni, msichana mpole aliyebeba karatasi za maswali. Alitaka kujua kama familia zimeridhika na matunzo ya watoto wao. Maswali yaliandikwa kwa Kifaransa, kwa hiyo Médiatrice aliketi nasi kwenye benchi kusaidia kuyafasiri. Hadi leo natamani kumjua mwenye akili aliyepanga hivyo.

Mmeridhika na mnavyopokelewa? Sana, Assia akajibu. Mlielezwa vizuri kuhusu dawa? Sana. Je, kuna chochote katika dawa kinachomsumbua mtoto?

Hayat alivuta ushungi wa mama yake. "Mama, sema juu ya ulimi yangu."

Assia alimbana goti, akatabasamu. "Apana, hakuna. Mutoto anaendelea muzuri sana. Tunashukuru."

Joëlla akaandika. Nami, nisijifanye mtakatifu, nilikuwa natikisa kichwa kukubali. Tulipotoka nje nilimuuliza Assia kwa nini amesema vile.

"Ule mutu alimufungulia mutoto wangu kamba," alisema. "Nimuseme mubaya mbele ya macho yake?"

Isitoshe, sote wawili tuliogopa kwamba wenye malalamiko wangeambiwa wapishe wengine, maana benchi lile halikosi watu. Joëlla alirudi mara mbili tena, na majibu yakawa yaleyale. Mara ya tatu Hayat hakuvuta ushungi wa mtu. Alitazama sakafu tu, tukadhani ametulia.

Baada ya hapo nyumba ikachangamka. Mate yalikauka, mikono ikaacha kutetemeka, na asubuhi moja tukamsikia akiimba jikoni. Assia alisimamisha cherehani, akaniangalia, machozi yamemjaa. Tulisema mwili hatimaye umeizoea dawa. Kila jioni Assia alimpa kidonge na glasi ya maji, akamuuliza kama amemeza. Ndiyo, mama. Basi.

Wiki ya tano, Alhamisi mchana, Hayat alitoka bila viatu wakati sisi tunamvalisha bibi harusi. Waashi walimtoa kwenye korongo la mto Ntahangwa, mfupa wa kifundo cha mguu umetokeza. Aliwaambia kuta za nyumba zote zilikuwa zinamfukuza.

Alipokuwa amelazwa, Assia aliniomba niiandae ile sare, niipanue tena na kuifua. Mtu akiishiwa la kufanya hushika nguo. Nilipoigeuza, upindo ulikuwa mzito. Nikaufumua. Ndani kulikuwa na vidonge, vingi, kila kimoja kimeshonewa peke yake kwa mshono mdogo usioonekana kwa nje. Mshono ule Assia ndiye aliyemfundisha Hayat.

Nilimpa Assia. Aliutazama mshono kwanza, kabla ya vidonge.

"Anashona muzuri," alisema, akakaa sakafuni.

Tulirudi kituoni na Hayat, mguu umefungwa plasta ngumu. Daktari wa pale alikuwa ameshafungua faili, akatusomea: anatumia dawa kila siku, familia imeridhika, mara tatu hakuna lalamiko lolote. Kwa hiyo, alisema, dozi hii haimtoshi, ataiongeza mara mbili. Tayari kalamu ilikuwa kwenye karatasi.

Assia alifungua kipande cha kitenge juu ya meza, vidonge vikaviringika.

"Docteur, usiandike. Mi nilidanganya."

Akaeleza yote, ulimi, mate, kasida, goti alilolibana. Médiatrice alikuwa amesimama mlangoni. Nilitarajia akasirike, na kwa kweli ingekuwa nafuu kwetu.

"Mama Hayat," alisema, "mi niliona mate ikimutoka. Nilikuwa nangoja wenyewe museme."

Nilitaka kumpiga mtu kofi, sikujua nianze na nani. Pengine na mimi mwenyewe. Daktari alikata alichokuwa ameanza kuandika. Alipunguza dozi, akafungua kabati nyuma yake, akatoa vidonge vidogo vyeupe vya kulegeza ulimi na kutuliza mikono. Vilikuwa hapo siku zote, safu nzima, umbali wa hatua tatu kutoka benchi letu.

Kuhusu mguu, hospitali walituambia kifundo hakitakunjika tena sawasawa. Maulidi yalipita, kasida ikaongozwa na mtoto mwingine.

Wiki iliyopita Hayat alikuwa amekaa kati ya cherehani zetu, mguu juu ya kigoda, anatungia uzi sindano. Assia alimletea dawa na maji. Alimwangalia akimeza. Kisha akapiga magoti mbele yake, jambo ambalo sijawahi kuona mama akimfanyia mtoto, akamshika mikono yote miwili. Alitaka safari hii aambiwe kila kitu, hata kibaya, hata cha kumtukana yeye. Nami niliacha kukanyaga cherehani ili nisikie.

"Mutoto wangu," alianza, "hii dawa ya sasa, ulimi yako..."

"Iko muzuri sana, mama," Hayat alisema. "Muzuri kabisa."

Assia hakuwa amemaliza kuuliza.