Fundo Kwenye Kitanzi

Sungura ana sauti. Nilifika utu uzima bila kulijua hilo, maana maisha yangu yote niliishi Kasingirima, Ujiji, kando ya ziwa, na kiumbe niliyezoea kumtoa uhai ni dagaa, anayekufa kimya ndani ya wavu pamoja na wenzake wasiohesabika, bila mtu kumtazama hata mmoja wao usoni. Sungura wangu wa kwanza alilia. Alilia kama mtoto mchanga aliyebanwa kidole na mlango, nami nimesimama mbele yake pembeni mwa shamba la maharage kule Simbo, jua halijachomoza, kisu mkononi, sijui nianzie wapi. Kila nilipomsogelea alijirusha, na waya ukamrudisha chini. Nilipomaliza, mikono yangu ilikuwa na mikwaruzo mpaka kwenye viwiko.

Niliporudi ndani mke wangu alikuwa ameketi kitandani, amejiegemeza ukutani.

"Nani alikuwa analia?"

"Sungura."

"Umemchinja?"

"Nimemchinja."

"Umechelewa, bwana," akasema. "Amelia muda mrefu mno."

Tulikuwa tumehamia Simbo kwa sababu yake. Alikuwa na uvimbe kwenye koo la chakula. Madaktari kule Kigoma mjini walituambia kwa upole kwamba ugonjwa umekwenda mbali, nimrudishe nyumbani, ale anachoweza. Nyumbani, kwake yeye, hakukuwa Ujiji. Alikuwa Muha, alizaliwa Simbo, akasilimu siku alipoolewa nami, na miaka yote ile ya ndoa yetu alikaa pwani ya ziwa kama mgeni mwenye adabu. Sasa alitaka nyumba ya marehemu mama yake, yenye paa la bati lililoshika kutu na shamba nyuma yake. Nikauza mtumbwi na injini, tukaenda. Isitoshe, hakuweza tena kuvumilia harufu ya samaki. Nikitoka ziwani alikuwa anageuza uso, na mimi nilijua si mimi anayenikimbia, lakini iliniuma vilevile.

Kitu pekee alichokitamani ni supu ya sungura. Aliinywa utotoni, mama yake akiipika kwa chumvi tu na majani ya vitunguu. Mambo mengine yote yalikuwa yamemshinda: uji, maziwa, hata maji siku nyingine. Ndiyo maana, mtu wa nyavu kama mimi, nikaanza kutega.

Aliyenifundisha ni jirani yetu, mwanamke wa makamo ambaye wazazi wake walitoka Burundi wakaja kulima upande huu. Alikuwa amekua pamoja na mke wangu, kwa hiyo aliniita shemeji, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili na mwenye mdomo usiojua kuzunguka. Alinionyesha njia za sungura kwenye majani, nyembamba kama zimechorwa kwa kijiti, na mashina ya maharage yaliyokatwa mshazari kana kwamba kwa wembe. Vitanzi alivitengeneza kwa nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Kimoja alikiweka njiani, akakipima kwa ngumi aliyoisimamisha ardhini, akakifunga kwenye mti mwembamba alioupinda.

"Akiingia kichwa, mti unafyatuka," akasema. "Shingo inakatika hapo hapo. Hajui hata kama amekufa."

Nikamwambia haiwezekani. Nikimkuta amekufa ni kibudu, mke wangu hatakula. Lazima nimkute hai nimchinje.

Alinitazama kama aliyesikia jambo la kijinga lakini hataki kumvunjia heshima mgeni. Basi nikapiga fundo kwenye waya, kitanzi kikikaza kifike hapo kikome, kimshike mnyama bila kumnyonga. Na ule mti wa kufyatua nikautoa. Nilijiona nimefanya jambo la huruma.

Baada ya kilio cha siku ile ya kwanza jirani alikuja mwenyewe mpaka uani kwangu.

"Shemeji, wewe unamfunga urukwavu, sungura wa watu, usiku kucha, moyo unampasuka kwa hofu, ili asubuhi umwue kwa jina la Mungu. Huyo Mungu anaitaka hofu yote hiyo?"

"Na wewe unamnyonga kwa waya," nikamjibu.

"Mara moja tu, imekwisha. Na asipokufa, nina rungu. Moja nyuma ya masikio."

Tulibishana mpaka mke wangu akagonga ukuta kwa ndani. Tukaingia. Sauti yake wakati huo ilikuwa imebaki nyembamba, ikabidi tuiname.

"Asitege usiku," akasema, akimwambia jirani kana kwamba mimi sipo. "Atege jua linapozama, akae hapo hapo amngoje. Giza likiingia ategue."

Ndivyo nilivyofanya tangu siku ile. Baada ya swala ya alasiri nilikwenda shambani, nikatega, nikakaa mbali kidogo chini ya mhogo, upepo ukinijia usoni. Sungura hutoka jua likishapoa. Anakaa, anasikiliza, anakula, anakaa tena. Akiingia kwenye kitanzi nilikuwa juu yake kabla hajapata pumzi ya kulia. Nilimtupia kipande cha kanga kichwani, kwa sababu jirani alinifundisha kwamba akikosa kuona anatulia, na kweli alitulia, nikahisi mwili mzima ukilegea chini ya kiganja changu isipokuwa moyo. Nilimlaza akielekea kibla. Kisu nilikinoa nyumbani, sikukinoa mbele yake. Bismillahi, mkono mmoja tu, imekwisha. Kiza kikianza nilitegua kila kitanzi na kurudi navyo mfukoni.

Jirani alikuja kutazama jioni moja. Alingoja mpaka nilipomaliza.

"Hiyo sawa," akasema. Basi.

Na kwa muda supu ilimkubali. Alikunywa nusu kikombe, siku nyingine kikombe. Aliweza kutoka uani na kuketi juani akichagua mchele wa kupika mimi, akitoa mawe. Kila nilipoleta supu aliniuliza, "Alilia?" Nikisema hapana, alikunywa. Nikaanza kufikiri mambo ambayo madaktari walinikataza kuyafikiri. Nikawaza mvua zijazo. Nikamwambia tukipanda tena tuongeze karanga. Aliitikia, "Tuongeze," na ninaamini alisema hivyo kwa kunionea huruma tu.

Halafu supu nayo ikakataa. Iliteremka kidogo, ikarudi. Maumivu yakaanza kumjia kwa mfululizo, yakimkunja kama mtu anayekunja mkeka. Kulikuwa na dawa ya maji ya kutuliza maumivu tuliyopewa, nayo ikaisha. Nilipanda bodaboda hadi mjini kuifuata, nikaambiwa haipo, nijaribu wiki ijayo. Nikazunguka maduka ya dawa mpaka adhuhuri. Nilirudi na vidonge vya kichwa.

Siku hiyo jirani alikuwa ameshinda naye. Nilimkuta jikoni akichochea moto usio na chungu juu yake. Kutoka chumbani sauti ilikuwa inakuja, si kilio, ni kitu cha chini kuliko kilio.

"Sungura tunamwonea huruma, shemeji," akasema bila kugeuka. "Tunamfunika macho. Na huyu je?"

Nikaingia chumbani na vidonge vyangu. Watu wenye elimu ya dini niliowauliza swali lake waliniambia nisubiri na niombe, nami nilisubiri na kuomba, na yeye aliendelea kukunjika.

Sungura wa mwisho nilimtega kwa kuwa mke wangu mwenyewe aliomba. Aliamka siku moja maumivu yametulia, akasema anasikia hamu. Nilifurahi kama mjinga. Nilikwenda mapema kuliko kawaida, na sungura akaja mapema pia, jua lingali juu, mkubwa, asiye na wasiwasi. Hakulia. Nilipomning'iniza kumchuna, vidole vyangu vikalowa, nikadhani ni damu. Yalikuwa maziwa. Chuchu zake zote zilikuwa zimejaa.

Nilipika hivyo hivyo. Nilipompelekea kikombe, mke wangu hakuniuliza kama alilia. Alinitazama usoni.

"Alikuwa na nini?"

Kumdanganya sikuwahi kuweza. "Alikuwa ananyonyesha."

Akakiweka kikombe chini. "Nenda ukawatafute."

"Nitawapata wapi? Ngoja kwanza unywe."

"Nenda, bwana. Wana njaa."

Nikaenda. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, nami natambaa kwa magoti kwenye majani marefu, nikiyatenganisha kwa mikono, shina kwa shina, nikiogopa kuwakanyaga. Nilidhani nitakuta shimo lenye manyoya. Jirani aliniona kutoka kwake akaja.

"Hawakai shimoni," akasema. "Mama anamlaza kila mmoja mahali pake. Hawatikisiki hata ukiwa karibu yao, hivyo ndivyo wanavyojiokoa. Hutawaona."

"Ameniambia niwatafute."

Akapiga magoti na yeye. Tulitafuta pamoja, watu wazima wawili, mpaka hatukuweza tena kuona mikono yetu. Pengine tulipita juu yao. Pengine walituona tukihangaika, wakabaki kimya kama walivyofundishwa.

Niliporudi supu ilikuwa imeganda kikombeni. Mke wangu alikuwa amelala, au kitu kinachofanana na kulala. Nilimwambia karibu na sikio lake kwamba sikuwapata. Hakufungua macho. Hakusema neno jingine siku hiyo wala asubuhi yake, na alasiri, nikiwa nimemshika mkono, pumzi zikaanza kuachana, kila moja mbali na mwenzake, mpaka nikawa nangoja moja ambayo haikuja. Ile jioni niliyoitumia majanini ndiyo ilikuwa ya mwisho ambayo angeweza kuzungumza nami.

Ndugu zangu walikuja kutoka Ujiji. Wanawake wakamwosha na kumvika sanda. Jirani, kwa vile hakuwa wa dini yetu, alisimama nje ya mlango muda wote, mikono kifuani, akawa wa kwanza kunisogelea tuliporudi makaburini. "Ihangane," akaniambia kwa lugha ya wazazi wake, yaani pole, vumilia. Kisha akaenda kwake kuchota maji ya wageni.

Ndugu zangu walitaka nirudi nao. Niliwaambia nitafuata baada ya kuvuna. Ilikuwa njia ya kuwafanya wapande gari.

Sijatega tena. Waya nilimpa jirani, akazipokea bila kuuliza. Maharage yalikauka shambani, maganda yakawa yanapasuka yenyewe mchana kwa joto, nikiyasikia kutoka chumbani, tak, tak, na mbegu zikirukia vumbini. Jirani alikuwa ameshavuna yake na kuyapura. Siku moja alisimama mpakani, mkononi ana ungo.

"Shemeji, hutavuna?"

"Kesho," nikamwambia.

Akaingia shambani kwangu, akachuchumaa, akaanza kuokota mbegu moja moja kutoka ardhini. Nilimtazama kutoka mlangoni. Nilijua ninapaswa kwenda kumsaidia, na miguu yangu ilikuwa mizima, lakini sikuinuka.