Papa Slimani na Picha ya Jeshini

Mwanangu, kuna asubuhi moja kule Umbilo, mtaa wa hapa Durban, ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona aibu. Nilikuwa kijana, nimetoka Kongo miezi michache tu, na Papa Slimani, Mwaljeria mshona viatu, alikuwa amenipa kazi bila hata kuniuliza karatasi.

Nikitafuta uzi kwenye droo, nikakuta picha yake ya ujana, amevaa sare ya jeshi la Wafaransa waliokuwa wakiitawala nchi yake. Sikumwuliza kitu. Nilikwenda kuwaambia Wakongo wenzangu wa mtaa wa Point kwamba bosi wangu aliwapigania wakoloni. Wiki haikuisha, watu wetu wakaacha kuleta viatu, na salamu wakamnyima.

Ndipo akaniita. "Ni wewe uliyesema?"

"Ni mimi, Papa. Lakini iko kweli, uliuza nchi yako."

Aliweka nyundo chini, wala hakupandisha sauti.

"Wapiganaji wa msituni, waliodai uhuru, walimuua kaka yangu. Kesho yake askari wa Kifaransa wakaniletea bunduki, na mama wakampa gunia la unga. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliona nyumba za watu zikichomwa na askari wenzangu, nikanyamaza. Hilo nalibeba, silikatai. Vita vilipokwisha, Wafaransa walichukua bunduki zao, wakapanda magari, wakatuacha sisi tuliowapigania. Wapiganaji walionitafuta walinikosa, wakamuua baba. Nikatorokea Ufaransa, huko wakatufungia kambini, nyuma ya seng'enge. Kwetu naitwa msaliti. Kwao sikuwa mtu, nikaja huku. Wewe hukuniuliza hata moja."

Jumapili ile nilizunguka mlango kwa mlango nikieleza. Mmoja, ambaye kijiji chake kule Kongo kilichomwa na askari, aliniambia, "Hata hivyo, alinyamaza." Nikaenda mlango uliofuata.

Mwaka uliofuata mama yake Papa Slimani alifariki, na ndugu zake wakamwonya asithubutu kwenda kumzika. Tulikaa naye siku tatu za matanga chumbani kwake, sisi Wakongo sita na Mtanzania mmoja aliyemsomea dua. Siku ya mwisho yule jamaa wa kijiji kilichochomwa alikuja na chupa ya chai. Alimmiminia, akakaa.

Mwanangu, hapa Durban utaishi na watu waliotoka vita vya kila namna, wengine wa upande ule uliotuumiza. Sikuambii uwafute makosa. Nakuambia, kabla hujalipeleka jina la mtu mitaani, kaa naye umsikilize mpaka amalize. Mungu akupe subira hiyo, na siku utakayoulizwa wewe, akupe mtu wa kukusikiliza.