Ramani ya Mawe Kati Yangu na Mama Mkwe

Kazi ya ukalimani niliipata kwa damu na ndoa, si kwa vyeti. Mimi ni Mnubi wa Arua. Babu zangu walikuja na bunduki kutoka Sudan wakabaki, kwa hiyo Kiarabu chetu kinasikilizana na cha Juba. Kiswahili nilikikuta nyumbani kwa sababu baba alikuwa askari, na Kikakwa nilijifunza nilipooa Midia, kule Koboko karibu na mpaka. Ofisi ya mradi ilikuwa imepanga nyumba Ediofe, hapo hapo Arua. Waliponihoji waliniuliza kama nawafahamu watu wa Midia, nikasema nimeoa huko. Wakafurahi sana. Mdomo wangu huo umeniponza mara nyingi.

Mradi ulikuwa wa nchi tatu: Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Moshi wa viwanda na wa visima vya mafuta una hewa ya kaboni, ile inayoongeza joto duniani. Wataalamu wanataka kuikamata kabla haijapanda juu, waisukume chini kabisa ya ardhi, na huko mawe ya aina fulani yaigeuze polepole kuwa jiwe. Mawe hayana pasipoti, kwa hiyo nchi moja haiwezi kuamua peke yake. Kwanza lingetobolewa shimo jembamba la kuyatazama mawe hayo, na yakifaa, hewa ingeletwa na kusukumwa humo humo. Maneno haya niliyatafsiri mpaka yakaniingia ndotoni.

Mahali pa kutoboa walipopachagua, pakawa shamba la mama mkwe wangu.

Yeye ni mjane wa askari. Vita vilimfanya akimbilie Sudan na watoto mgongoni, na aliporudi alikuta shamba limekuwa pori. Alilifyeka kwa mikono yake, akapanda muhogo, akajenga pembeni, akasema hatahama tena mpaka wamzike. Akikataa, mashine ya kutoboa ingevuka mpaka na kazi yangu ingeondoka nayo. Akikubali, angelala juu ya kitu kile maisha yake yote. Uamuzi ulikuwa wake, na mimi ndiye niliyetakiwa kumweleza.

Sasa, kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Hali chakula mbele yake, na nyumba anamolala haingii, hata kukitokea nini. Tangu nilipooa nilikuwa namsalimia kutoka upande wa pili wa ua, uso nimeugeuzia mihogo. Mke wangu alipougua, mama huyu alituletea unga na kuku, akaviacha mlangoni na kuondoka kabla sijatoka kushukuru. Nampenda sana, ila kwa mbali.

Siku ya mkutano, pale makao ya kata, alipoingia tu nikageuza kiti changu, nikabaki natazama turubai la hema. Mkubwa wetu kutoka Kampala hapendi Kiswahili wala hakijui vizuri, anakiita lugha ya wanajeshi. Akanikaripia kwa Kiingereza kwamba mkalimani humtazama anayesema. Nikamweleza huyu ni mama mkwe. Akasema hapa tupo kazini. Hasira zikanipanda. Nilitamani kumuuliza kama wa kwake pia amekaa humu ndani.

Mjumbe wa Kongo akasimama, mtu mnene aliyevaa suti katika joto lile.

"Hapana, mukubwa. Mutu hawezi kuangalia mama mukwe hivi. Kwetu pia ni mubaya sana."

Akaibandua ramani kubwa ya mawe ya chini ya ardhi iliyokuwa imebandikwa mbele. Mhandisi wa Sudan Kusini, ambaye siku zote alikuwa hasemi, akashika upande wa pili bila kuambiwa. Wakaisimamisha kati yangu na mama mkwe kama pazia. Ushirikiano wa kikanda tulikuwa tumeuhubiri wiki nzima, lakini huo ndio wa kwanza niliouona kwa macho.

Kazi ikaendelea. Yeye alisema kwa Kikakwa nyuma ya ramani, mimi nikasema kwa niaba yake. "Mimi ni mjane," nikatangaza kwa sauti yangu nzito, na hema zima likacheka. Hata yeye nilimsikia akicheka.

Kisha akaanza maswali. Hiyo hewa inanuka? Mhandisi akasema hainuki. Ina rangi? Haina. Ikitoka je? Mhandisi alikuwa mkweli, nampa heshima yake. Alisema si rahisi itoke, lakini ikitoka kwa wingi ni nzito, inatambaa chini, na mtu aliyelala anaweza asiamke. Ni jambo la dakika tu. Ndiyo maana kutakuwa na mashine ya kuhisi, itakayopiga kengele katika kituo cha Arua.

Na ikipiga, akauliza, nani atakuja kwangu?

Mkubwa wetu akasema kituo kitaarifu mamlaka husika. Mjumbe wa Kongo akasema inategemea hewa imetokea upande gani wa mpaka. Mhandisi akasema kifungu hicho bado hakijatiwa saini. Wakapokezana hivyo kwa adabu nyingi, na mimi nikatafsiri yote.

Ndipo mama mkwe akasema Kiswahili, nyuma ya ramani. Kile cha kambini, cha marehemu mumewe, ambacho sikuwahi kukisikia kinywani mwake.

"Weka hii karatasi chini."

Wakaishusha. Nikatazama ndala zake.

"Wewe iko Arua. Hiyo mashine pia iko Arua. Siku itapiga kelele, mimi nimelala, wewe utaingia nyumba yangu kuamsha mimi?"

Wanawake wa Midia wakashika midomo. Nilikuwa na jibu tayari, "mamlaka husika", kwa lugha zote ninazozijua. Nikainua kichwa. Kwa mara ya kwanza nikauona uso wake. Alikuwa anaogopa, na alikuwa ananitazama mimi.

"Nitaingia, mama."

Mkubwa akagonga meza. "Amesema nini?"

"Ameuliza nani atamwamsha."

"Umemjibu nini?"

"Kwamba ni mimi."

"Lakini wewe si ofisa husika!"

"Najua."

Mama mkwe hakungoja tafsiri. Akamgeukia yule mkubwa.

"Kama ni hii kijana, toboa. Kama ni serikali tatu, hapana."

Watu wakapiga makofi. Mjumbe wa Kongo akanishika mkono, akautikisa mpaka bega likauma. Kazi yangu ilikuwa imepona, na mimi nikaanza kuhesabu dakika, kwa sababu kutoka Arua hadi mlangoni kwake, barabara ikiwa nzuri, ni zaidi ya saa moja. Kengele inaweza kunifikia kwa simu, mimi siwezi kumfikia hivyo. Jioni ile nikamwambia mke wangu tunahamia Midia.