Mchanga wa Dagaa kwenye Sinki la Bi Mwanne

Mwaka ule wakimbizi wa Zaire walipovuka ziwa, kila shirika likaleta watu wake Kigoma, na Bi Mwanne wa Ujiji naye akahamia kibanda cha jirani, akageuka mama mwenye nyumba. Nyumba ya marehemu mumewe ilikuwa na sinki la jikoni, na yeye maisha yake yote hakuwahi kulitumia. Vyombo aliosha uani. Sinki alilifuta vumbi tu, kama kabati la wageni.

Mpangaji alikuwa Pastory, mtunza stoo wa shirika, kijana wa Songea anayejipikia. Bi Mwanne alimpenda mno. Kila akitoka soko la samaki la Kibirizi, lazima ampitishie fungu la dagaa.

Sasa sinki limeziba. Pastory kasema mwenye nyumba alitengeneze, la sivyo anahamia mtaa wa Mwanga. Bi Mwanne kaja na fundi Hamdani, kajiandaa kufoka: huyu atakuwa kamwaga ugali!

Hamdani akafungua bomba chini ya sinki. Ukamwagika mchanga, na vichwa vya dagaa.

"He! Dagaa unawaoshea humu?"

"Sasa mama, sinki si la kuoshea?"

Bi Mwanne akauinamia ule mchanga. Ujiji hata mtoto anajua dagaa wameanikwa mchangani. Unawaosha kwenye beseni, maji unamwaga kwenye migomba. Lakini mtu wa Songea nani alimwambia?

"Haya, hela yangu anatoa nani?" Hamdani akauliza.

"Huyu ndiye kaziba."

"Kwa mchanga wako, mama," Pastory akasema, kwa adabu zote.

"Hamdani, wewe unasemaje?"

"Mimi sina upande, bi mkubwa. Atoe yeyote, nina kazi nyingine."

Bi Mwanne akakaa juu ya ndoo. Akilipa yeye, kesho ataoshewa humo viazi na udongo wake. Akimlipisha, kijana atahama, na majirani watasema Bi Mwanne anauza zawadi.

"Dagaa nilikupa," akasema mwishowe. "Bomba nimekupangisha, kulitunza ni juu yako. Lipa, mwanangu."

Pastory akacheka, akatoa hela. Hahami! Bi Mwanne akashusha pumzi, akajifunga kanga vizuri, akatoka.

"Mama," Pastory akamwita mlangoni, "asante kwa yote. Ila dagaa usiniletee tena."

Kasamehe au kanuna? Bi Mwanne alifika kwake hajajua. Chai ikapoa, bado hajajua.