Ile "Beach ya Ushelisheli" Mnayobishania Iko Nyuma ya Nyumba Yetu, Msambweni

Wakuu, assalam alaikum, na wasio wa salamu hiyo habari zenu.

Nina hasira, kwa hivyo mniwie radhi nikiteleza ulimi. Uongo lakini sina.

Wiki hii kuna mkuu ameweka picha kwenye ule uzi wa fukwe nzuri za Ushelisheli. Mchanga mweupe, maji ya kijani, miamba miwili imeegemeana, hakuna mtu hata mmoja. Akauliza hiyo ni beach gani. Mkabishana kurasa tatu. La Digue. Hapana, Praslin. Mmoja akaapa kuwa alikula honeymoon yake pale pale.

Wakuu, pale ni Msambweni. Ule mwamba wa kushoto ndipo mamangu alipokuwa akikaa kututazama tukioga.

Na Ushelisheli naijua, nimepika hotelini kule miaka minne. Ni kuzuri, sibishi. Beau Vallon siku ya Jumapili utakuta familia nzima na masufuria yao, wanachoma samaki, na watalii wako hapo hapo. Anse Lazio nilikuwa nakwenda siku ya off, taulo begani. Ile Source d'Argent mnayoipenda mlango wake una kiingilio, kwa sababu unapita shambani, hilo nalo niliseme. Lakini miaka yote minne hakuna aliyenisimamisha ufukweni kuniuliza mimi ni nani.

Nimekuja kuulizwa kwetu.

Baba alifariki nikiwa huko. Mazishi sikuwahi, na hilo linanichoma mpaka leo. Nikajiapiza kwamba siku ya mama kutoka eda nitakuwepo, hata kazi ikinipotea.

Kwetu, mjane akimaliza ile miezi minne na siku kumi, wanawake wa ukoo humpeleka baharini baada ya sala ya alfajiri, kabla watu hawajatoka, wakamwogesha. Akirudi hapo amerudi kwa watu. Najua dini haikulazimisha maji ya bahari, msinianzie mawaidha. Ni mila yetu. Bibi aliogeshwa kwenye ile miamba, na mama alitaka hapo hapo.

Kazi yangu ilikuwa kubeba beseni la kanga mpya hadi mwanzo wa kijia cha kushukia baharini, kisha nigeuke nirudi nyumbani. Mbele mama amejifunika gubigubi, shangazi Mejumaa kamshika mkono, nyuma wanawake sita.

Tukakuta geti la chuma. Limefungwa.

Askari wa ile villa iliyojengwa kati yetu na bahari namjua, mtu wa kijiji cha Waa, rika langu. Na adabu anayo, ndiyo iliyonizidishia hasira.

"Shikamoo mama. Poleni na msiba."

"Marahaba mwanangu," mama akamjibu. "Tufungulie tupite."

"Mama, niwie radhi. Nimekatazwa. Kuna wageni, wamelipia beach iwe yao peke yao."

Shangazi akaruka. "Wamelipia bahari? Na aliyewauzia bahari ni nani, nimjue?"

Yule bwana akatazama chini. Hakufungua.

Sasa hapa wakuu ndipo ninapotaka mnitukane, maana nastahili.

Ile ploti ya villa aliiuza baba mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea karatasi, kwa kuwa ndiye niliyesoma. Nikaona mahali pa kuandika njia ya kwenda pwani pako tupu. Nikamwambia. Baba akamuuliza mnunuzi, "Na njia itabaki?" Jamaa akacheka vizuri, akasema, "Mzee, sisi si majirani sasa?"

Baba akaniambia nifunge karatasi. Kumwandikisha mtu jambo kama lile ni kumvunjia heshima, alisema, na mtu ameshakunywa kahawa yako. Nikafunga. Nikatia sahihi ya shahidi.

Mgeni njoo mwenyeji apone. Haya, mgeni kaja.

Tukaita tuktuk tatu, tukazunguka hadi kwenye njia ya umma, mbali huko upande wa hoteli. Kufika, jua limeshatoka. Kuna wazungu wanakimbia, kuna wenye ngamia, kuna vijana wa kuuza vinyago wanaita "jambo, jambo". Mjane wetu kasimama katikati yao. Mtalii mmoja akainua simu kumpiga picha. Nilimfokea mpaka sauti ikanikauka, na yule mtu wala hakujua kosa lake.

Mama akasema neno moja tu. "Turudini."

Nikajaza madumu mawili ya maji ya bahari. Shangazi akamwogeshea uani, nyuma ya makuti. Mama alipotoka amevaa kanga mpya, hakulalamika. Aliniuliza tu:

"Huko Ushelisheli, bahari yao mwaingia?"

"Twaingia, mama."

"Bila kuomba?"

"Bila kuomba."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaa na wageni wake. Mimi nikaenda chooni nikalia, sioni haya kusema.

Kwa hivyo wakuu, funzo langu ni hili. Ukiuza shamba la pwani, andika njia. Andika upana wake, andika inaanzia wapi na inaishia wapi, na jirani akinuna mwache anune. Adabu yetu wameigeuza kufuli.

Wanaojua sheria za ardhi karibuni: njia iliyopitwa tangu babu, isiyo kwenye karatasi, inadaiwaje? Nimeanza na chifu, ameniambia nilete maandishi. Na wenzangu wa Diani, Galu hadi Vanga, semeni yenu imefungwa wapi.

Na wewe mkuu uliyeweka picha, uliandika chini yake "pametulia, hakuna watu kabisa."

Watu tupo. Tuko upande wa pili wa geti.